Breki za Kuteremkia Biano

Ngalula mwanangu,

Sikuulizi u hali gani, kwa sababu nakusikia. Uko kanisani ng'ambo ya barabara, na sauti yako inaitangulia kwaya nzima kama ilivyo kawaida yako. Leo wanawaaga, wewe na Kaku, mama wa baba yako. Mimi nimebaki katika banda la marehemu baba yangu hapa Panda, nimekaa ndani ya kamyoneti yake kuukuu, karatasi nimeiweka juu ya usukani. Kesho alfajiri mjomba wako Mulenga ataiwasha, wewe na Kaku mtakaa kando yake, na mtashika njia ya kwenda Mwene-Ditu kwa baba yako. Mimi sitakuwamo.

Mambo ya sweta, ya maji ya kuchemsha na ya dawa ya homa sitayaandika. Kaku anayajua kuliko mimi, na angeona nimeyaandika angesema namfundisha kulea.

Ninaandika huku nikisubiri. Kuna ubao nimeukaza kati ya kiti na pedali ya breki, unaikandamiza pedali kama mguu wa mtu asiyechoka. Pedali ikibaki pale ilipo mpaka ibada iishe, breki ni nzima. Ikishuka, hata kwa unene wa kidole, basi mahali fulani mafuta yanavuja, na kesho hamwendi. Ninaandika mstari, ninainama kutazama. Ninaandika mwingine, ninainama tena. Na jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote ni hili: sijui ninaomba nini. Mkono mmoja wa moyo wangu unaisukuma pedali ikae juu, mwingine unaivuta chini.

Labda utaisoma tena barua hii ukiwa mkubwa na haya yote yamekuwa ukungu kichwani mwako, kwa hiyo nieleze. Babu yako mzaa baba alitoka Kasai akiwa kijana, akaja kufanya kazi katika kampuni ya madini. Baba yako alizaliwa hapa Likasi, akasoma hapa, akafundisha hapa. Mimi watu wangu ni wa hapa hapa. Tulipooana hakuna aliyeuliza, au labda waliuliza kwa sauti ndogo. Kisha kazi zikaanza kuisha, mishahara ikawa hadithi, maduka yakavunjwa, na watu wakahitaji mtu wa kumlaumu. Wale wenye majina ya Kasai wakaambiwa warudi kwao, hata waliokuwa hawajawahi kukuona huko kwao. Ukipita stesheni unaona familia zimelala kando ya reli na makochi yao na sufuria zao, zinasubiri treni isiyokuja, na surua inapita kati yao ikichagua watoto. Baba yako aliondoka mapema, juu ya paa la behewa. Alipofika alipata shule na chumba, akamtuma dereva mmoja. Dereva alisimama mlangoni petu, hakukaa hata kitini.

“Mwalimu anasema hivi,” akaniambia. “Mutoto akuye. Lakini asipitie ku gare, ku treni.”

Mimi siwezi kwenda, unajua kwa nini. Mama yangu amelala chumba cha pili, upande mmoja wa mwili wake umekufa, hawezi kukaa garini hata kufika Kikula, na hana mwingine wa kumgeuza. Nimeligeuza jambo hili kichwani kila upande. Kila nikiamua kumwacha nabaki na wewe. Kila nikiamua kukuacha nabaki na yeye. Hakuna hesabu ambayo mtu habaki nyuma.

Kamyoneti hii baba yangu aliiegesha wewe ukiwa bado hujajifunza kutambaa. Alikuwa fundi katika gereji ya kampuni, na Jumapili alitupakia nyuma, mimi na Mulenga, tukaenda Koni kuvua samaki kwenye mto Lufira. Macho yalipomchoka aliipandisha juu ya matofali, akaifunika turubai, akasema inapumzika. Akafa, nayo ikaendelea kupumzika. Kuku wametaga ndani yake. Mulenga alipoamua kuifufua nilidhani anatania. Yeye ni dereva wa malori na kila kitu kwake ni utani. Lakini injini, baada ya siku kadhaa za kubembelezwa, iliwaka.

“Munaona?” akapiga kelele huku moshi umejaa bandani. “Hii si motokari. Hii ni Bikira Maria mwenyewe!”

Kaku, aliyeokoka, akamtazama mpaka akanyamaza. Wewe ulicheka, ukafinywa.

Kwa Mulenga kazi ilikuwa imekwisha. Kwangu ilikuwa inaanza, kwa sababu gari linalowaka si gari linalosimama. Njia ya Bukama, mtakayoifuata, inapanda kwanza hadi uwanda wa Biano, kule juu kwenye upepo na majani matupu, halafu inamwagika chini kuelekea Luena, mteremko baada ya mteremko. Malori yaliyoshindwa kusimama yamelala kule mabondeni, mengine miti imeota ndani yake. Mulenga mwenyewe alisema, na safari hii hakucheka: “Kupanda Biano si kazi, dada. Kushuka njo kazi.”

Tukavua magurudumu. Ndani ya kila gurudumu kuna ngoma ya chuma, na ndani ya ngoma kuna viatu viwili vilivyopinda. Ukikanyaga pedali, mafuta yanasukuma vikombe vidogo vya mpira, vikombe vinasukuma viatu, viatu vinaibana ngoma kwa ndani, gari linasimama. Ndiyo breki yote. Lakini kwa miaka ile ya kukaa, kutu ilikuwa imeviozesha viatu na ngoma, na ndoa ile haikutaka kuvunjika. Tuligonga kwa nyundo ya mbao tukizunguka pole pole, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa, mpaka ngoma ikaachia na unga mwekundu ukatumwagikia miguuni. Vikombe vilikuwa vimekauka kama ngozi ya kiatu cha kale. Mafuta yaliyobaki yalikuwa tope jeusi. Nikasugua ndani ya zile pampu ndogo vinamokaa vikombe kwa msasa uliozungushwa kijitini mpaka chuma kikang'aa, Mulenga akaleta vikombe vipya kutoka kwa rafiki yake wa Kikula, na kikabaki kitu kimoja: mafuta ya breki.

Hayakuwapo. Si Likasi, si Lubumbashi kwa yeyote tuliyemwagiza. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo nalitafakari kuliko mengine yote, kwa kuwa sikulifanya kwa ujinga. Kila gari linalotembea mjini humu siku hizi linatiwa mafuta ya mashine, yale ya mitambo ya kiwandani, yanayopita juu ya ukuta kwenye madumu. Ni mazuri machoni, mepesi, safi. Watu wote wanayatia kwenye breki. Mimi ni mwalimu wa kemia, Ngalula. Nimewahi kutumbukiza kipande cha mpira ndani ya mafuta ya aina ile mbele ya wanafunzi, nikawaonyesha siku ya pili jinsi kilivyovimba. Nilijua. Nikayatia.

Nimejiuliza kwa nini. Si uvivu. Nadhani nilikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba sina neno na safari yako. Nilihisi Kaku ananitazama nikichelewa, anawaza kwamba mama huyu anatafuta sababu. Basi nikaharakisha, ili mtu asinione jinsi nisivyotaka. Ukiona unaharakisha jambo, mwanangu, simama kidogo ujiulize ni nani unayetaka akuone.

Siku ya kwanza breki ilikuwa nzuri. Mulenga akaiita breki ya waziri. Siku chache baadaye tulikwenda naye Shituru kutafuta petroli, na tulipokuwa tukirudi gari likaanza kuwa zito, kama tunavuta mtu nyuma. Akakanyaga zaidi. Likazidi. Kisha nikanusa kitu kinachoungua, nikatoa kichwa dirishani, nikaona moshi unatoka kwenye magurudumu yote. Mulenga alikuwa ameondoa mguu kwenye pedali zamani. Breki zilishika na hazikutaka kuachia. Nikatema mate juu ya ngoma, mate yakaruka.

Tulipofungua tulikuta vikombe vimevimba kama maharage yaliyolala majini. Vilikuwa vimekwama katika pampu zao, hata bisibisi haikuvitoa vizima.

“Lakini mafuta hii bantu bote banatumia!” akasema Mulenga, amechuchumaa, uso umejaa masizi.

“Njo maana motokari za bantu bote zimelala,” nikamjibu.

Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza. Niliwaza kama ingekuwa juu ya Biano, na wewe ndani, na ngoma zile zimewaka moto. Watu hawakuwa wajinga. Cha kweli hakikupatikana, wakatia kilichokuwa karibu na cha bure, na siku ya kwanza kilifanya kazi. Mwaka huu nimesikia watu wema, walionifundisha mimi, wakitumia maneno ya aina hiyo hiyo juu ya watu wa Kasai.

Jibu lilinijia siku nilipokuwa namkanda mama yangu mguu wake uliokufa. Huwa namkanda kwa mafuta ya mbarika, yale mazito, unayoyakimbia kwa harufu. Mikono yangu ilikuwa imelowa, na nikamkumbuka baba akisema kwamba malori ya kampuni ya zamani breki zake zilinuka kama chumba cha wagonjwa. Nikasimama nikiwa bado nimeushika mguu. Mama akaniuliza kwa ule mdomo wake wa upande mmoja kama ameniumiza. Mbarika hayali mpira. Na kinyume na mafuta mengine, yanakubali kuchanganyika na pombe kali, ambayo inayafanya mepesi yaweze kupita kwenye mirija. Pombe yenye nguvu namna hiyo mjini humu ni moja tu, na kila mtu anajua inakopikwa.

Nikaenda kwa Mama Feza, anayepika lutuku nyuma ya kambi. Wateja wake walikuwa wamekaa kwenye benchi tangu asubuhi.

“Eeh, Madame Professeur!” akasema akijifuta mikono. “Bwana ameenda, sasa weye unaanza kukunywa?”

“Si yangu. Ni ya motokari.”

“Ya nini?”

“Ya breki.”

Akawageukia wa kwenye benchi. “Mukuye musikie! Motokari ya Madame inakunywaka lutuku!”

“Basi ile motokari ni ya Likasi kabisa,” akajibu mzee mmoja, na benchi zima likaangua kicheko.

Nikanunua, nikachanganya na mbarika katika chupa nyeupe. Yakageuka meupe kama maji ya kuoshea mchele. Maana yake lutuku ilikuwa na maji ndani, na maji hatuyataki, maana ndiyo yanayoleta kutu tena. Nikarudi. Nikamwambia nataka ile ya kwanza tu kutoka mdomoni mwa mrija, kabla haijalegea. Akasema hiyo inachoma koo, hauzi. Nikamimina kidogo ya hiyo ya kwanza kijikoni, nikakiwashia kiberiti mbele yake, ikawaka buluu mpaka kijiko kikakauka. Akaacha kucheka. Akaniita nyuma ya nyumba.

“Ni ya kumupeleka Ngalula?” akauliza pole pole.

Wanawe wawili ni miongoni mwa vijana wanaowapigia kelele watu wa Kasai stesheni. Niliona chupa mkononi mwake, nikaona na uso wake.

Hakungoja jibu. Aliijaza chupa kutoka kwenye mtungi mwingine, akaiziba kwa gunzi la mahindi. “Bana yangu bakikuuliza,” akasema, “weye useme ulinunua ya kukunywa.”

Mpaka leo sijui nimweke wapi mwanamke huyo moyoni. Hakuwazuia wanawe. Lakini kesho utapita Biano kwa pombe yake. Nakuachia hivyo hivyo, bila hukumu, kwa kuwa utakutana na wengi wa namna yake, na baadhi yao watakuwa ndugu zako.

Kaku alipoinusa chupa aliweka Biblia chini.

“Mutoto atapanda mu motokari ya pombe? Minye niliachaka lutuku siku niliyookoka, na sasa inanifuata mpaka ku breki?”

“Mama, haitanywewa na mtu,” nikasema.

“Mungu njo anasimamisha motokari.”

“Anasimamisha, Mama,” akasema Mulenga. “Lakini kule Biano anapendaka tumusaidie kidogo.”

Kaku akaichukua chupa, akafumba macho, akaiombea kwa sauti. Akaikemea roho ya ulevi itoke, akaiamuru roho ya kusimama ibaki. Alipomaliza aliinusa tena, akakunja uso. “Hii si kitu,” akanong'ona, nadhani hakujua namsikia. “Ile ya zamani ilikuwa kali zaidi.”

Safari hii mchanganyiko ulitulia wazi kama asali iliyotiwa maji. Vikombe vya mpira tulivitoa kwenye gari la jirani yetu wa upande wa pili, lile lililobaki fremu. Wenyewe wako Kasai sasa, kama walifika. Matairi yaliibwa wiki ile ile waliyoondoka, viti vikafuata, milango ikafuata, lakini hakuna aliyejisumbua na breki za gari lisilokwenda. Nilipokuwa nafungua magurudumu yale nilihisi kama napekua mifuko ya mtu aliyelala. Nikasema majina yao kwa sauti, wote wa nyumba ile, huku nafungua. Sikujua la kufanya jingine.

Na hapo nafika kwenye jina lako.

Unakumbuka ile siku sokoni Kikula. Nilikuwa nimekufundisha. Tulikaa kitandani nikakuambia kwamba ukiulizwa barabarani, sema unaitwa Mwansa, jina la mama yangu. Ukasema ndiyo. Tukafanya mazoezi, mimi nikiuliza kwa sauti ya kiume na wewe ukijibu, tukacheka hata. Kisha wale vijana wakatusimamisha karibu na wauza mihogo, mmoja akainama mpaka usoni pako, akakuuliza unaitwa nani mutoto muzuri. Nikakubana mkono. Ukamtazama, ukasema, “Minye ni Ngalula.” Ukaongeza na jina la babu yako, lote, kama uko darasani.

Walitucheka wakatuacha, siku hiyo. Asubuhi iliyofuata mlango wetu ulikuwa na msalaba wa chaki, alama ya nyumba za kufukuzwa. Nami nilipoufuta nilirudi ndani nikakupiga kofi, nikakuuliza kwa nini, kwa nini, nawe ukajibu kwamba umesahau.

Hukusahau. Niliona macho yako pale sokoni. Hukuwa na ushujaa pia, sitaki kukutungia ushujaa. Nadhani uliulizwa jina lako na jina lako likatoka, basi. Mimi ndiye niliyedhani jina ni nguo, kwamba linavuliwa kukiwa na joto. Kofi lile nililipiga kwa hofu yangu na likaangukia kwako kwa kuwa ulikuwa karibu. Kule uendako jina lako halitakuwa na tatizo. Lakini watakusikia unavyosema, Kiswahili hiki chetu, na wengine watakuita mtoto wa Katanga, na pengine watauliza mama yako ni kabila gani. Sikuambii useme nini. Nilikwisha kukuambia mara moja useme nini, na tazama.

Nimeinama tena. Pedali iko pale pale.

Sasa lile gumu. Asubuhi hii, mlipokuwa mnavaa nguo za ibada, nilikuwa chini ya gari. Kila gurudumu lina skrubu ndogo nyuma yake, ya kutolea hewa. Ukiilegeza kidogo tu, mafuta yanachuruzika taratibu, na pedali inashuka. Hakuna ambaye angejua. Mulenga angesema vikombe vya gari la watu vimetukataa, Kaku angesema ni lutuku, na wewe ungebaki. Nilikuwa na spana mkononi. Niliiweka juu ya skrubu, ikakaa vizuri. Niliusikia mlango, nikaisikia sauti yako ukimwuliza Kaku kama huko kuna kwaya ya watoto.

Nilijiambia kwamba kubaki kwako hakutakuwa kubaya sana. Kwamba chaki imefutwa. Kwamba chuki huchoka. Nikajiambia mambo mengi mazuri nikiwa nimelala chali na kutu inanidondokea machoni. Kisha nikawaza kwamba siku ile nitakayokuwa nimeilegeza, hata ukiishi salama hapa mpaka uzee, kila nikikutazama nitaiona skrubu. Sijui kama hilo ndilo lililonizuia au mkono tu ulichoka. Niliikaza robo ya mzunguko zaidi, nikatoka, nikakufunga utepe wa nywele. Ukaniambia nina mikono ya grisi.

Kwa hiyo pedali ikishuka leo, si mimi. Nataka uwe na uhakika huo kutoka kwangu, wala si kwa kubahatisha.

Naisikia sala ya mwisho. Naweka kalamu.

*

Ni jioni sasa, jua bado liko juu ya paa la banda. Nimeandika mengi kuliko nilivyokusudia lakini sitaki kuianza upya.

Pedali haikushuka. Mulenga aliupiga ubao teke ukaanguka, akakanyaga, akakanyaga tena, akanitazama. “Dada,” akasema, “leo sikuchekeshi.” Kisha akaruka nje, akanirushia ufunguo. Katika gereji alikofanya kazi baba, aliyetengeneza breki ndiye aliyeshuka nazo mlima wa kwanza, si dereva. Mulenga aliikumbuka desturi hiyo, mimi nilitumaini ameisahau. Nilikuwa sijawahi kuendesha gari lolote kwenye mteremko.

Ulikuwa umekwisha kupanda kando yangu, nikakuambia ushuke. Ulishika dashibodi kwa mikono miwili, ukakataa. Kaku akasema mutoto ashuke, ukakataa. Mulenga akasema, “Kama breki ni za kesho, ni za leo pia.” Basi tukatoka, wewe na mimi, mpaka pale juu barabara inapoanza kuangukia kiwandani. Nikatia gia ya pili kama nilivyomwagiza Mulenga afanye Biano, maana lutuku ina udhaifu wake. Ngoma zikipata moto sana inachemka ndani ya mirija, na pedali inazama. Kwa hiyo kesho ataacha gia imshikie gari, atapumzika katikati ya mteremko hata kama Kaku ana haraka, na wewe ukinusa harufu ya chumba cha wagonjwa utamwambia asimame. Mwambie kwa sauti. Amekubali mbele yangu kukutii.

Gari likaanza kushuka. Likaongeza mwendo. Niliona ukuta wa kiwanda unakuja na sikukanyaga, nilitaka nijue kweli, nikangoja mpaka uliponitazama. Nikakanyaga.

Lilisimama. Halikuvuta upande, wala breki hazikupiga kelele. Lilisimama kama mtu aliyeitwa. Nikaondoa mguu, likaachia, likasogea pole pole peke yake, nikalisimamisha tena. Wewe ulipiga makofi, ukasema, “Tena, Mama!” Nami nilikuwa nautazama mkono wangu. Mara nilipokanyaga breki mkono wangu wa kulia ulikuwa umeruka kutoka kwenye usukani, ukakuzuia kifuani usigonge kioo. Sikuutuma. Ulikuwa bado umekaa pale, umekubana kitini, na wewe hukuuona, ulikuwa unashangilia.

Tulirudia, kama ulivyotaka. Kila mara mkono ulikwenda wenyewe.

Tuliporudi nilimwita Kaku kando ya gari. Nikamweleza kwamba Mulenga akikanyaga breki ghafla mtoto anakwenda mbele, na kwamba akae katikati, wewe karibu na mlango, na mkono wake uwe tayari hivi, nikamwonyesha, juu kidogo ya tumbo, kiganja wazi. Nikamwonyesha mara ya pili. Nikaanza ya tatu. Akanishika kifundo cha mkono akakishusha.

“Mwana wanyi,” akasema, “na baba yake unafikiri nilikuwa ninamushika na nini?”

Kisha akapanda ndani, na nguo zake za kanisani vilevile, akakaa katikati ya kiti. Akakuita upande. Akaunyoosha mkono wake mbele yako akaniambia nitazame. Nikatazama. Mkono wake ulikuwa chini kidogo kuliko wangu.

Nimeuacha hapo hapo.

Mama yako